Kuuza Pikipiki Iliyopata Ajali Ikiwa Bado na Deni: Tathmini ya Huduma ya Gereji Moja ya Tabora Mjini

Huduma ninayoitathmini hapa hutolewa na gereji moja ya pikipiki iliyopo upande wa Ng'ambo, Tabora Mjini, ambayo mbali na matengenezo ya kawaida husimamia pia mauzo ya pikipiki zilizoharibika katika ajali huku mkopo wake ukiwa haujamalizika. Nilifika kwao mwezi Februari, nikiwa nimekwisha kukataa wanunuzi wawili na nimebakiza kidogo tu nimkubali wa tatu kwa uchovu. Jina la gereji siliandiki, wala la kampuni iliyonikopesha, kwa kuwa nina malalamiko dhidi ya pande zote mbili na mambo yetu yamekwisha kumalizwa kwa maandishi. Nitaeleza walichofanya, kiasi walichotoza, na mahali waliponiangusha, ili mwenye tatizo kama langu aweze kuipima huduma ya aina hii popote atakapoikuta.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Boxer BM 150, niliyoichukua kwa jina langu ili mdogo wangu aiendeshe kama bodaboda. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wangu ndio uliomridhisha mkopeshaji. Tulilipa kianzio cha shilingi 600,000, kisha tukapangiwa rejesho la shilingi 55,000 kila wiki kwa wiki 72, na kadi ya pikipiki ikabaki katika kabati la mkopeshaji kama dhamana. Tulikuwa tumelipa wiki 41 bila kukosa hata moja. Jioni moja mdogo wangu alikuwa akirudi kutoka upande wa Sikonge, mvua ikiwa imetoka kunyesha, akakutana na ng'ombe wakivuka barabara. Alimkwepa wa kwanza, akamgonga wa pili. Alivunjika mfupa wa mtulinga, polisi wakamwandikia PF3, akalazwa Hospitali ya Kitete. Namshukuru Mungu kwamba anaishi, na ninalitaja hilo kabla ya hesabu za fedha kwa sababu kwa siku nne za kwanza hakuna aliyekumbuka kuuliza pikipiki iko wapi.

Ilikuwa kituo cha polisi. Foko zote mbili za mbele zilikuwa zimepinda, rimu ya mbele imekunjika, taa na geji zimepasuka, tenki limebonyea upande wa kushoto. Injini ilikuwa nzima na iliwaka kwa kiki ya pili. Trafiki walipomaliza ukaguzi wao niliikodia kirikuu kwa shilingi 40,000 na kuileta nyumbani, nikiamini kuwa bima ingebeba sehemu kubwa ya gharama, maana siku ya kusaini mkopo nilikatwa fedha ya bima na kibandiko nilikiona kwa macho yangu.

Hapo ndipo nilipojua tofauti ambayo nilipaswa kuiuliza siku ile ile ya kusaini. Bima niliyokatiwa ilikuwa bima ndogo, yaani ile ya lazima kisheria, inayomfidia mtu mwingine utakayemdhuru barabarani. Pikipiki yako mwenyewe ikivunjika, bima hiyo haihusiki. Inayolipia chombo chako ni bima kubwa, na mimi sikuwa nayo. Mkopeshaji hakunidanganya, kwani mkataba ulisema hivyo katika ukurasa wa tatu, lakini pia hakuna mtu aliyenieleza, na ninaona ni wajibu wa anayemkopesha mtu chombo cha kazi kumwambia kwa mdomo kwamba ajali moja inaweza kumwachia deni zima na chombo kibovu.

Wanunuzi wa kwanza walikuja kabla hata sijatangaza. Habari za pikipiki iliyoanguka huenea haraka katika vijiwe, na dalali mmoja alibisha hodi asubuhi akiwa na shilingi 700,000 mkononi, akitaka aichukue siku hiyo hiyo bila kadi, aipasue na kuuza spea. Wa pili alitoa 750,000 kwa masharti yale yale. Yeyote anayesoma haya akiwa katika hali hiyo namsihi asikubali, hata kama nyumbani kuna mgonjwa na fedha zinahitajika. Pikipiki iliyo dhamana ya mkopo haiuzwi bila ridhaa ya mkopeshaji. Ukiiuza kwa siri umevunja mkataba, deni linabaki lote juu ya kichwa chako, na unaweza kujikuta unaandika maelezo polisi. Aliyenunua naye hayuko salama, kwa kuwa katika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, msingi ni kwamba muuzaji hawezi kumpa mnunuzi haki kubwa kuliko ile aliyo nayo yeye mwenyewe. Tena, maadamu kadi inasomeka jina lako, chochote kitakachotendwa kwa namba ile ya MC kitaulizwa kwako kwanza.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwenye gereji ya Ng'ambo. Mwenye gereji ni mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia, akaniitikia, akaizunguka pikipiki mara mbili pasipo kusema lolote, kisha akachukua kitambaa chenye petroli na kuanza kusugua shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Rangi ilipotoka, ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele, ukizunguka nusu ya shingo. "Mwalimu," akaniambia, "hiki kinachomeleka, na kikipakwa rangi hakuna atakayekiona. Lakini mimi sitakichomelea nikampa mtu abebe abiria." Gereji mbili nyingine zilikuwa zimeikagua kabla yake na hakuna iliyouona ufa huo, au iliyonitajia. Kwa jambo hilo moja nilimwamini, na mpaka leo sijajutia.

Ufa ule ulibadilisha hesabu yote. Gereji ya kwanza ilikuwa imeniandikia makadirio ya shilingi 890,000 kwa foko, rimu, taa, tenki, usukani na kunyoosha fremu, na kuniambia kuwa pikipiki iliyotengenezwa ingeuzika kwa 1,800,000. Ukitoa gharama unabaki na 910,000, na kazi yenyewe ilihitaji wiki tano, ambazo marejesho yake ni shilingi 275,000 zaidi. Kubadilisha fremu nako si kununua spea tu na kufunga, kwa sababu namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu yenyewe, na fremu nyingine ina maana ya namba nyingine isiyolingana na kadi. Mzee alinishauri tuiuze kama ilivyo, kwa mtu anayehitaji injini yenye karatasi halali. Ada yake ya kusimamia kazi nzima, kuanzia tangazo hadi kuhamisha umiliki, ilikuwa shilingi 60,000, inayolipwa baada ya mauzo. Ada hiyo naiona kuwa ya haki, na ningelipa hata zaidi.

Kabla ya kutafuta mnunuzi alinituma kwa mkopeshaji kuomba hesabu ya kufunga mkopo kwa maandishi, na akasisitiza kwamba majibu ya simu hayatoshi. Nilikuwa nimekwisha kupiga simu na kuambiwa nadaiwa 1,735,000: wiki 31 zilizobaki, yaani 1,705,000, pamoja na adhabu ya 30,000 kwa wiki tatu zilizopita tangu ajali. Nilidhani hilo ndilo deni, na ningelilipa kama lilivyo. Nilipoandika barua ya kuomba mchanganuo unaoonyesha mtaji uliobaki, riba na adhabu, nikiambatanisha nakala ya PF3, kiasi kilishuka hadi 1,430,000, kwa kuwa riba ya wiki ambazo hazijafika iliondolewa na adhabu ikafutwa. Shilingi 305,000 ziliokolewa na karatasi moja. Ninasikitika kwamba wapo wengi wanaolipa kiasi cha simu, hasa vijana wa bodaboda ambao hawakuzoea kuandikiana barua na ofisi.

Mkopeshaji alichukua siku tisa kujibu barua hiyo, na siku ya sita nilipofuatilia, kijana wa mapokezi aliniambia kuwa hesabu za namna hiyo hazitolewi kwa wateja. Nilimjibu kwa upole kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wakopeshaji wa aina yao wanafanya kazi kwa leseni, na kwamba kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinawataka wawe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Nikaomba kuonyeshwa utaratibu wao ili niandike rasmi. Aliingia ndani, akatoka na meneja. Sikupandisha sauti na wao hawakupandisha, na siku tatu baadaye barua ilikuwa tayari, ikiwa na muhuri na tarehe ya mwisho ya kiasi hicho kutumika, ambayo ilikuwa siku 14.

Siku hizo 14 ndizo zilizotubana. Gereji iliandika tangazo ambalo nilipewa kulisoma kabla halijatumwa, na nililipenda kwa ukweli wake: lilisema pikipiki imepata ajali, fremu ina ufa shingoni na haifai kurudi barabarani, injini na giaboksi ni nzima, tairi la nyuma ni jipya, bado kuna mkopo, na malipo yatafanyika mbele ya mkopeshaji. Picha ya ufa iliwekwa ya kwanza. Nilihofia kwamba tangazo la namna hiyo lingewafukuza watu, na kweli wengi waliouliza walinyamaza baada ya kusikia neno mkopo, lakini waliobaki walikuwa wanunuzi wa kweli. Siku ya nane alitokea mfanyabiashara wa asali kutoka wilaya ya Sikonge, mwenye Boxer ya aina ile ile, fremu yake nzima na kadi mkononi, ila injini imekufa. Alihitaji injini ambayo angeweza kuonyesha imetoka wapi atakapoandikisha mabadiliko ya namba ya injini, na kwa sababu hiyo hakutaka kabisa mali ya vichochoroni. Alitoa 900,000, tukakubaliana 1,050,000.

Mnunuzi alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Kabla ya kutoa fedha aliitafuta namba ya pikipiki katika mfumo wa polisi wa faini za barabarani, akakuta faini mbili za mdogo wangu ambazo sikuwa na habari nazo, shilingi 10,000 kila moja. Nilizilipa siku hiyo hiyo. Nafuu ni kwamba faini za bodaboda zilishushwa kutoka 30,000 mwaka 2021, la sivyo zingekuwa 60,000.

Siku ya malipo ndiyo sehemu ya huduma hii ninayoisifu kwa moyo wote. Tulikutana katika ofisi ya mkopeshaji watu wanne: meneja, mnunuzi, mwenye gereji na mimi. Mkataba wa mauziano ulikuwa umeandaliwa na wakili katika nakala nne, ukitaja namba ya chesisi na ya injini, hali ya pikipiki ilivyo, kiasi cha mauzo, kiasi cha deni, na sharti kwamba fremu yenye ufa haitaendeshwa tena barabarani. Mnunuzi hakunipa mimi fedha. Alikwenda benki na mwenye gereji, akaingiza 1,050,000 moja kwa moja katika akaunti ya kampuni ya mkopeshaji, nami nikaingiza 380,000 zilizopungua, na risiti zote mbili zikawekwa mezani. Mmoja wa maofisa alikuwa amependekeza tutume kwa simu yake ili mambo yaende haraka. Mwenye gereji alikataa kwa adabu, akisema fedha ya deni hupita pale mkataba ulipoandika. Meneja aliandika kwenye mkataba kwamba deni limelipwa lote, akasaini, akagonga muhuri. Yote yalichukua muda usiozidi saa mbili. Katika mauziano ya namna hii hofu ya mnunuzi ni kwamba muuzaji atapokea fedha na kutoweka bila kulipa mkopo, na hofu ya muuzaji ni kwamba pikipiki itaondoka na deni libaki. Njia waliyoitumia iliziondoa hofu zote mbili kwa kuhakikisha kwamba hakuna aliyeshika fedha ya mwenzake hata kwa dakika moja.

Zile 380,000 ziliniuma, sitaficha. Nilizikopa katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa cha walimu. Ukijumlisha na ada ya gereji, faini na kirikuu, nilitoa mfukoni shilingi 500,000 ili niondokane na pikipiki ambayo tulikuwa tumekwisha kuilipia zaidi ya milioni mbili na laki nane, kianzio kikiwemo. Hata hivyo, ningempa yule dalali wa kwanza kwa 700,000, ningebaki na deni la simu la 1,735,000, kadi yenye jina langu, na injini inayozunguka mahali nisipopajua.

Sasa malalamiko. La kwanza ni la mkopeshaji: barua ya kuthibitisha kumaliza mkopo pamoja na kadi nilivipata baada ya siku 19, ingawa meneja alikuwa ameahidi siku saba mbele ya watu wote. Kwa muda huo mnunuzi alikuwa na mkataba na pikipiki lakini hana kadi, na bila kadi maombi ya kuhamisha umiliki katika Mamlaka ya Mapato hayawezi kukamilika. Alikuwa mvumilivu, lakini alikuwa na haki ya kukasirika, na aliyepigiwa simu kila siku ni mimi. Kwa maoni yangu gereji ilipaswa kudai kwamba kadi iletwe mezani siku ile ile ya malipo. Walipoulizwa walisema huwa wanamwachia mkopeshaji muda wa kukamilisha mambo ya ndani. Ni udhaifu mkubwa katika utaratibu ambao vinginevyo ni mzuri sana.

La pili ni la gereji yenyewe, na ni la uzembe. Nilipoikabidhi pikipiki hakuna aliyeandika orodha ya vilivyomo. Siku mnunuzi alipokuja kukagua, betri haikuwepo, wala kioo cha kulia ambacho ajali ilikuwa imekiacha. Mwenye gereji hakubishana. Alitoa betri nyingine kutoka dukani kwake na kuniomba radhi, akisema kijana mmoja aliazima ya kwetu kuwashia pikipiki ya mteja mwingine. Kioo hakikupatikana. Thamani yake ni ndogo, lakini mtu anayeleta pikipiki iliyovunjika huwa amechoka na amechanganyikiwa, hawezi kukumbuka kila kilichokuwemo, na kwa hiyo kuandika orodha ni kazi ya gereji.

Kuhamisha umiliki kulikwenda haraka baada ya kadi kupatikana. Mnunuzi na mimi tulikuwa na namba za mlipakodi, ushuru wa stempu na ada alilipa yeye kama tulivyokubaliana, na kijana wa gereji alitusaidia kujaza maombi bila kudai chochote zaidi ya zile 60,000.

Mdogo wangu bado hawezi kuinua mkono wa kushoto kupita bega. Anakwenda kwenye gereji ile ile kila asubuhi, kwa sababu yule mzee alimwambia kwamba kuchuja kabureta na kurekebisha vali ni kazi ya vidole na wala haihitaji bega, na kwamba atakapopona ataamua mwenyewe kama anarudi barabarani. Hilo halikuwa sehemu ya huduma niliyoilipia.

Wiki iliyopita jirani yangu wa Cheyo aliniuliza kuhusu pikipiki ya mwanawe iliyogongwa na lori, nayo ina mkopo wa miezi saba iliyobaki. Nimempeleka kwa mzee yule yule. Kabla hatujaondoka nimemwomba karatasi, tukaandika pamoja naye kila kitu kilichokuwa juu ya ile pikipiki, kuanzia betri hadi kifuniko cha tenki, akasaini chini, kisha nikamwambia jirani kwamba siku ya malipo asitoe hata shilingi kabla hajaiona kadi juu ya meza.